Jumamosi Tatu za Épiphanie

Ujumbe ulifika Alhamisi saa sita ya mchana, Épiphanie akiwa kwenye baraza la jikoni anachekecha unga wa muhogo. Simu ilitetemeka juu ya ndoo. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma, akasoma tena, kisha akakaa polepole juu ya kigoda kama mtu aliyeambiwa asubiri zamu yake.

"Maman Dative, amani kwenu. Mbele ya kupanga tarehe, mimi na bwana yangu tutapita kwenu Jumamosi saa tisa. Iko neno tulisikia juu ya karata. Ninataka nilisikie kwako, hapana kwa batu. Mukansanga."

Mukansanga alikuwa shangazi wa Hugues, kijana aliyemchumbia Dative, binti pekee wa Épiphanie. Baba yake Hugues alikufa zamani, na shangazi huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamvalisha. Katika ile familia, akisema amesema. Pande mbili zilikuwa zimekwisha kukutana mwezi wa kumi, fanta zilinywewa, hotuba zilisemwa. Kilichobaki ni tarehe. Wote walitaka harusi iwe mwezi wa tatu, kwa kuwa mwezi wa nne nchi nzima iko kwenye maombolezo, hakuna anayepiga vigelegele, na mwezi wa tano Hugues alitakiwa kuanza kazi mpya Kigali. Tarehe ikiteleza sasa, nani ajuaye itashikwa lini.

Épiphanie alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikulia Bukavu, akavuka kurudi Rwanda akiwa na mume, akafundisha darasa la tatu hapa Kamembe mpaka akastaafu. Jina lake halikuwahi kutajwa kwa ubaya hata kwenye foleni ya maji. Sasa alilitazama lile neno kwenye simu, karata, akaliona limekaa pale kama nzi juu ya maziwa.

Kwa kweli alikuwa akicheza, na mwaka ulikuwa karibu kutimia. Vita vilipofika Bukavu, mwezi wa pili wa mwaka uliopita, mdogo wake Néhémie alivuka mpaka na begi moja, akakaa kwao wiki tano. Hakuwa na la kufanya mchana kutwa. Akatoa pakiti ya karata, akamfundisha dada yake poka: karata mbili mkononi ambazo huzioni ila wewe, tano mezani za wote, na katikati yake watu wanatazamana usoni. Kisha Néhémie alirudi kulinda nyumba yake, na simu yake ikawa siku mbili inapatikana, siku nne haipatikani. Karata zilibaki kabatini. Épiphanie aligundua kwamba akishika zile karata mbili, kwa dakika chache hasikilizi simu.

Ndivyo ilivyoanza. Mwezi wa tatu alikuwa mchezaji mbovu, hawezi kutupa karata yoyote, anang'ang'ania kila mzunguko mpaka mwisho kama mama anayemtetea mtoto mjinga. Mwezi wa nne akajifunza kutupa. Mwezi wa tano akajifunza kunyamaza, na wenzake wakaanza kumwogopa. Na mwezi wa sita... Hapo ndipo alipoacha kukumbuka, akainuka, akaumwaga unga kwenye mfuko bila kumaliza kuuchekecha.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yao ya kucheza. Saa tisa akabadili kitenge, akapanda kwa Zulaikha.

*

Zulaikha alikuwa fundi wa kushona, na chumba chake kilikuwa nyuma ya soko la Kamembe. Wachezaji walikuwa watatu tu: yeye, Épiphanie, na Niyonsaba anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Walicheza kwa vifungo. Tangu siku ya kwanza Zulaikha aliweka sharti: kifungo cheupe cha shati ni kimoja, cha koti ni kumi, na saa kumi na moja vyote vinarudi koponi. "Franga ikiingia hapa inakuwa kamari," alisema, "na kamari haivuki mlango wa Hamdani." Hamdani alikuwa mume wake, mshona viatu, mtu wa swala tano.

Siku hiyo karata hazikuwa zimetolewa. Zulaikha alikuwa akishona kwa kasi, kichwa chini. Niyonsaba alikaa karibu na mlango, beseni lake tupu miguuni.

"Habari imefika na huku?" Épiphanie aliuliza.

"Maman mmoja wa kanisa ya Mukansanga alileta robe ya kupunguza mbele ya Noeli," Zulaikha alijibu. "Alituona ku dirisha. Aliona vifungo, akahesabu franga. Na jana Hamdani aliulizwa msikitini, Maman Dative. Aliulizwa na muntu mudogo kwake, wakivaa viatu, batu bote banasikia."

"Basi waambiwe!" Niyonsaba akadakia. "Kopo si iko hapa? Bakuye bahesabu. Muntu anaweza kuvunja ndoa ya mutoto juu ya vifungo?"

Épiphanie alilitazama kopo. Alilitazama kupita kiasi, mpaka Zulaikha akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Maman Dative. Ilikuwa vifungo ao haikuwa vifungo?"

"Hapa ilikuwa vifungo."

"Hapa," Zulaikha alirudia.

Basi akawaambia. Mwezi wa sita benki za Bukavu zilikuwa zimefungwa, mshahara wa Néhémie umekwama, na aliandika kwamba ameuza friji, sasa anatafuta mtu wa kununua milango. Munyemana, mume wa Épiphanie, fundi umeme, alikuwa hajalipwa kazi aliyoifanya tangu Pasaka. Hapo ndipo mwalimu Damascène wa sekondari, mteja wa Zulaikha, alipomwambia kwamba kuna meza ya Jumamosi mchana kwenye nyumba ya wageni juu ya bandari. Meza ya franga. Amemwona akicheza, anaweza.

"Damascène alikuambia wapi?"

"Hapa."

"Ndani ya atelier yangu? Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unamupima suruali."

Niyonsaba alitaka kucheka, akaona uso wa Zulaikha, akajikohoza.

"Nilienda mara tatu," Épiphanie alisema. "Nikaacha."

Zulaikha aliinuka, akashusha kopo, akalimimina juu ya meza ya kukatia nguo. Akaanza kutenganisha vifungo: vya shati kwenye mkebe, vya koti kwenye sahani. Alivitenganisha kama mtu anayechambua mchele, bila hasira, kimoja kimoja.

"Wakiniuliza nitasema hapa ilikuwa vifungo, juu ni kweli," alisema. "Lakini Alhamisi usikuye tena. Si chuki, Maman. Nataka bwana yangu aingie msikitini bila kuangalia chini."

Niyonsaba alimsindikiza mpaka barabarani. Akachota konzi ya mwisho ya sambaza iliyobaki kwenye mfuko wake, akaifunga kwenye karatasi, akampa bila kutaja bei. Na hilo lilimuuma Épiphanie kuliko yote, kwa sababu hivyo ndivyo unavyompa mtu aliyefiwa.

*

"Vifungo," Munyemana alisema jioni, akitoa koleo na nyaya mfukoni. "Utasema vifungo, watakunywa fanta, wataenda."

"Papa Dative, iko kitu nataka nikuambie mbele wafike."

"Usiniambie." Aliinua mkono wenye doa jeusi la gundi ya umeme. "Kile sikijui hakiwezi kunitoka mdomoni. Wewe unajua kushika uso. Mimi uso wangu ni redio."

"Lakini ni kitu—"

"Mwezi wa sita ulimutumia Néhémie franga. Mara mbili. Mimi niliuliza? Sikuuliza. Na leo siulizi." Akaingia kuoga, na kutoka bafuni akasikika akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikia.

Dative alifika Ijumaa. Alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya huko Gikundamvura, na kwa kawaida alipofika nyumbani alivua viatu, akalala kwa saa mbili. Safari hii hakuvua. Alifua mapazia, akafuta dari, akapanga viti, akavipangua. Jioni, akipiga pasi kitambaa cha meza, alisema bila kugeuka:

"Hugues aliniambia wanauliza nini."

"Na wewe unauliza nini?"

Pasi ikasimama. Harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikapanda, akaiinua haraka. "Siulizi kitu. Niko na neno moja tu la kukuomba. Sema hapana. Kama ni hapana, sema hapana. Kama ni ndiyo..." Akaishusha pasi. "Nisamehe, Maman. Kama ni ndiyo, sema hapana vilevile."

Épiphanie aliyemfundisha huyu mtoto kwamba uongo una miguu mifupi alisogea kutoka mlangoni. Akashika ncha mbili za kitambaa, binti akashika mbili, wakakikunja pamoja, wakikaribiana na kuachana, macho hayakutani.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu iliita, namba asiyoijua.

"Maman Dative? Ni Muhigirwa."

Muhigirwa alikuwa mume wa Mukansanga, mzee wa kanisa, msimamizi wa ghala la mchele; nyumba yao ilikuwa hapa Kamembe, ghala kule Bugarama. Lakini Épiphanie alikuwa amemwona kabla ya ujamaa huu wote. Jumamosi ya tatu, kwenye nyumba ya wageni, alikuja mzee mgeni, koti safi, akajitambulisha kwa jina moja tu: Mzee wa Mchele. Alicheza vibaya, akaliwa franga, akabaki, akaliwa tena, na sehemu kubwa ya alicholiwa ilikwenda kwa Épiphanie. Wakati huo Hugues alikuwa bado hajamtaja Dative kwao. Mwezi wa kumi familia zilipokutana, mzee yuleyule aliingia sebuleni nyuma ya mke wake, tai shingoni. Walipeana mikono, kila mmoja akitazama sakafu. Hakuna aliyesema neno tangu siku ile.

"Utasema nini?" Muhigirwa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui bado, Mzee."

"Sema vifungo. Mimi nitasaidia tumalize haraka. Bibi yangu haumujue, Maman. Karata kwake haiko mchezo." Akavuta pumzi. "Sisi tuko batu bazima. Mutoto wako, mutoto wangu. Tusibomoe."

"Mimi sijasema nitabomoa."

"Basi vifungo."

Akakata. Épiphanie alibaki na simu sikioni. Mume amemwambia anyamaze, binti amemwambia adanganye, na sasa huyu. Kila mmoja alikuwa amempa neno la kusema. Na yeye mwenyewe alikuwa tayari kulisema. Aliingia chumbani, akalijaribu mbele ya kioo, vifungo, vifungo tu, na uso ukatulia vizuri kabisa. Aliuogopa ule uso.

*

Walifika saa tisa kamili. Mukansanga alikuwa mwembamba, mfupi kuliko sauti yake, amejitanda mshanana wa kijivu, vazi la siku za heshima. Alikataa fanta. "Nitakunywa kisha kusema," alisema. Munyemana akaziacha chupa mezani, zikaanza kutoka jasho. Dative alikuwa ndani, nyuma ya pazia la korido, kama desturi inavyotaka, na kila mtu alijua yupo.

Muhigirwa aliombwa aombe. Akaomba kwa kirefu, akimsihi Mungu amulike mahali penye giza. Épiphanie alifumbua jicho katikati ya sala, akaona mzee naye anamtazama, jicho moja wazi.

"Maman Dative," Mukansanga alianza, "mimi si polisi. Nitakuambia kwanza kwa nini nauliza, usifikiri nakuhukumu. Kwetu ni Nzahaha. Tulikuwa na shamba. Kaka yangu, baba ya Hugues, alilicheza karata. Si siku moja. Leo migomba, kesho mbuzi, kesho kutwa ile sehemu ya chini karibu na maji. Siku ya mwisho batu walikuya na karatasi alitia kidole. Mama yangu alitoa kitanda chake inje yeye mwenyewe, juu hakutaka wakiguse. Kilikuwa kipana, mlango mudogo. Alikivuta, kikakwama, akakivuta." Akaisogeza chupa ya fanta pembeni. "Hugues hajui. Anajua baba yake alikufa na ugonjwa. Na alikufa na ugonjwa, ni kweli, kisha ya miaka miwili ya aibu."

Munyemana alikunja miguu chini ya kiti.

"Kwa hiyo siulizi juu ya zambi. Nauliza juu naogopa. Nikisikia karata nasikia kile kitanda ku mlango. Niambie tu. Ulicheza na franga?"

Neno lilikuwa tayari ulimini tangu Alhamisi. Na Épiphanie alijua kulisema. Mwaka mzima ulikuwa umemfundisha kushika uso mbele ya mtu anayemtazama. Lakini wale aliowadanganya mwaka mzima walikuwa wameketi wakijua wanadanganywa; ndiyo makubaliano ya ule mchezo. Mwanamke huyu hakuwa ameketi kucheza.

"Mara tatu," alisema.

Munyemana aliitazama mikono yake. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, kikaachwa palepale.

Akaeleza yote: friji ya Néhémie, milango, nyumba ya wageni, Jumamosi tatu mchana. Mara ya kwanza alikula elfu arobaini. Mara ya pili akaliwa elfu ishirini na tano. Mara ya tatu akala elfu mia moja na kumi na tano. Kila franga aliyokula ilivuka mpaka ikiwa mfukoni mwa mwanamke anayeuza mboga, akamfikishia Néhémie mkononi.

"Na ukaacha," Mukansanga alisema. "Kwa nini, kama ulikuwa unakula?"

"Juu siku ile ya tatu nilipita nyumba yangu." Épiphanie aliona aibu hii kuliko ile ya kwanza. "Nilikuwa natembea nafikiri Jumamosi ya mbele, nitakaa wapi, nitaanza aje. Nilipita hii geti, nikapita duka, nikajikuta chini kabisa ku barabara kubwa. Nilikuwa sifikiri tena chakula ya Néhémie. Nikarudi. Sikuenda tena."

Mabega ya Mukansanga yalishuka kidogo. Kwa mara ya kwanza aliegemea kiti. Épiphanie aliona njia inafunguka mbele yake, nyembamba, lakini njia.

Ndipo Muhigirwa alipokohoa. Labda alitaka kufunga kikao. Labda hofu ilimsukuma kusema tu. "Hata hivyo," alisema, "familia inafaa kufikiri. Muke wa muntu, mwalimu, kukaa ku meza moja na wanaume ba franga..."

Épiphanie alimtazama. Sentensi ya mzee ikarudi ndani kama konokono.

"Ngoja, Papa," Mukansanga alisema bila kumgeukia. "Nani walikuwa pale?"

"Ya kwangu nimekuambia, Maman. Ya bengine si yangu."

"Damascène nilisikia kwa batu. Bengine?"

"Unisamehe."

Mukansanga alimpima kwa macho, akaonekana kuliheshimu hilo. "Basi niambie siku tu, nijue kama uliacha kweli. Ya mwisho ilikuwa lini?"

Na Épiphanie, aliyekwisha kupanda mlima wote, alilijibu swali jepesi bila kutazama anapokanyaga. "Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya wote ya mwisho wa mwezi, mwezi wa sita. Nakumbuka juu tulipungua muntu mmoja. Mwalimu mwengine, wa Bugarama, alikosa kufika, lile lori la saruji lilianguka, likalala ku barabara ya Bugarama toka saa tano. Hakuna gari ilipita mpaka Jumapili."

Alisikia maneno yake yakishatoka. Aliona Muhigirwa akifumba macho.

Mukansanga hakutikisika. Kidole chake kilikuwa kikizungusha pete, kikasimama. "Lori la saruji," alisema. Akaongeza, kama mtu anayesoma maandishi madogo: "Ile siku ya umuganda bwana yangu alienda kuzika Nyakabuye, barabara ile ile. Na gari ya ghala. Alirudi saa moja ya usiku. Nikamuuliza safari, akasema barabara ilikuwa nzuri."

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi. Épiphanie alitafuta neno la kurudisha nyuma, labda nimekosea tarehe, labda ilikuwa mwezi wa saba, na kila alilolishika lilikuwa uongo, na lilikuwa limechelewa.

"Tunywe hiyo fanta," Mukansanga alisema.

Munyemana aliruka kutafuta kifungulio, akafungua droo tatu, akashukuru kuwa na kazi. Mukansanga alikunywa chupa nzima akiwa amesimama, akaiweka mezani taratibu, akaaga kila mtu kwa mkono. Uani mume wake alimfungulia mlango wa gari. Akampita kama anavyopitwa mlinzi, akaenda mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki.

*

Dative alitoka nyuma ya pazia. "Neno moja, Maman," alisema. "Nilikuomba neno moja." Akarudi Gikundamvura jioni ileile, siku moja kabla ya zamu yake.

Jumapili haikuleta habari. Jumatatu pia. Hugues alimwandikia Dative "ngoja", Dative akaituma kwa mama yake bila kuongeza kitu, na Épiphanie akaisoma ile "ngoja" mara nyingi kiasi kwamba ilianza kuonekana kama neno la lugha nyingine. Hakutoka kwenda sokoni. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo, alikwenda dirishani.

"Mia moja na kumi na tano," Munyemana alisema ghafla, wakila. "Mchana mumoja. Mimi ninapanda nguzo wiki tatu." Akatafuna. Kisha: "Yule mzee alikuwa pale?"

Épiphanie aliinuka kuchukua chumvi.

"Sikuuliza," Munyemana alisema, akajipakulia tena. Lakini usiku ule hakuimba bafuni.

Jumanne saa nne asubuhi Mukansanga alikuja peke yake. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyumba, akatokea jikoni. "Sitakaa," alisema, akavuta kigoda, akakaa.

"Alipoteza ngapi?"

"Maman..."

"Mimi nilikuuliza mbele ya batu, haukumutaja. Nilikushukuru moyoni. Sasa hakuna batu."

"Kwangu mimi, elfu makumi munane. Kwa bengine sikuhesabu."

Mukansanga alitikisa kichwa polepole. "Aliniambia ni mchango ya maziko, mutoto wa binamu yake. Nilimuongezea elfu kumi zangu. Nikamuambia, wape na hizi, uwaambie zimetoka kwangu." Alitazama sufuria iliyokuwa ikichemka. "Sasa hakuna mutoto alikufa. Ningefaa kufurahi."

"Nitakurudishia," Épiphanie alisema. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi—"

"Ukinirudishia, nitasema imetoka wapi?"

Maji yalifurika, yakazima nusu ya makaa. Hakuna aliyeinuka.

"Anasema ilikuwa mara moja," Mukansanga aliendelea. "Wewe ulisema tatu, nikakuamini. Yeye anasema moja, na toka Jumamosi niko nafungua makabati." Kisha akamgeukia, na ile sauti kubwa ikawa ndogo. "Wewe unajua kuangalia batu, ndiyo mchezo wenyewe. Ile siku ulimuona. Ilikuwa mara yake ya kwanza?"

Épiphanie alimkumbuka. Alikumbuka mzee alivyoziinua pembe za karata kwa kidole gumba bila kuzitoa mezani, haraka, kwa mazoea. Alikumbuka alivyocheka alipoliwa, kicheko cha mtu anayejua zitarudi. Mgeni wa mchezo huwa na woga; yeye alikuwa na haraka. Angeweza kusema sijui. Hata Mukansanga, akimtazama hivyo, alionekana kumwomba aseme sijui.

"Hapana, Maman," alisema. "Haikuwa ya kwanza."

Mukansanga alipokea kama anavyopokea mzigo mtu aliyekwisha kuinama. Akasimama. "Ile nyumba ya wageni. Nionyeshe. Sitaingia. Nataka tu kuijua."

Wakateremka pamoja, Épiphanie bado na kitenge cha jikoni. Ilikuwa Jumanne, hapakuwa na mtu ila msichana anayeanika mashuka. Ziwa lilikuwa tulivu chini yao. Walisimama kwenye dirisha la chumba cha nyuma: meza ya duara, viti vitano, kalenda ya mwaka jana ukutani.

"Alikaa wapi?"

Épiphanie akaonyesha. "Kile."

Mukansanga alikitazama kiti kwa muda, kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Aliinama hata paji la uso likagusa kioo, kikaingia ukungu wa pumzi yake.

"Tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu," alisema akiwa bado ameinama. "Nilimuambia Hugues jana. Wewe muambie Dative. Nataka waende Kigali mbele sijajua mengine." Akanyoosha mgongo, akarekebisha mshanana begani. "Siku ile ya harusi kaa kiti ya mbele. Atakayeuliza, umutume kwangu."

Épiphanie alitoa simu, akamwandikia binti yake ile tarehe. Alipoinua kichwa, Mukansanga alikuwa amekwisha kuanza kupanda mlima, hatua fupi, mkono mmoja kiunoni. Akamfuata. Palipo na mawe akamshika kiwiko, na yule mama hakukiondoa.